Marfa: Udongo Uliopanda Bei

Watu wanaotoka Marfa hupenda kusimulia kwamba huko hakuna kitu, na husimulia hivyo kwa sauti ya kusifu. Nimeyasikia maneno hayo kwa wageni wa kila namna, akiwamo Mtanzania mwenzangu aliyepita huko akielekea California, aliyeniambia kwamba katika mji ule mdogo wa jangwa, magharibi ya mbali ya jimbo la Texas, mtu anaweza kusikia masikio yake mwenyewe. Mimi nilikaa siku nne, kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na nimerudi nikiitilia shaka sifa hiyo. Utupu unaosifiwa Marfa ni bidhaa kama bidhaa nyingine: una historia, una wenyewe, na sehemu kubwa ya gharama yake inalipwa na watu ambao hawakuuagiza. Katika kulieleza hilo nitategemea zaidi udongo wa kuta za nyumba kuliko kazi za sanaa zilizoupa mji umaarufu, kwa sababu udongo naujua kidogo, ilhali sanaa ya kisasa naikaribia kwa tahadhari, kama mtu anayeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Kutoka El Paso ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Ukifika Van Horn unaiacha barabara kuu ya malori na kushika barabara namba 90, na kuanzia hapo magari yanakuwa machache kiasi kwamba madereva wanapungiana mikono. Aliyetarajia milima ya mchanga atashangaa. Jangwa la Chihuahua upande huu ni nyanda za majani makavu yenye rangi ya simba, zilizo juu kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya bluu vimepangwa mbali kana kwamba vimewekwa kuzuia anga isimwagike. Kama ningefumbwa macho na kufunguliwa hapo, ningeanza kutafuta mibuyu ya Dodoma.

Zaidi ya nusu saa kabla ya kufika mjini, karibu na kijiji cha Valentine, kuna duka la Prada, kampuni ya Italia ya mavazi ya kifahari, kando ya barabara, peke yake, bila kituo cha mafuta wala nyumba jirani. Ndani kuna viatu na mikoba ya mwaka 2005, ila mlango haufunguki, kwa kuwa duka hilo ni sanamu iliyotengenezwa na wasanii wawili wa Ulaya, Elmgreen na Dragset. Siku chache baada ya kuzinduliwa lilivunjwa, na wezi wakaondoka na mikoba sita na viatu 14, vyote vya mguu wa kulia, maana vya kushoto havikuwekwa. Baadaye idara ya barabara ya jimbo ililiona kuwa ni tangazo la biashara lisilo halali, hadi mwaka 2014 lilipookolewa kwa kuitwa makumbusho. Wageni hupiga picha hapo na kucheka, nami nilicheka. Lakini nilipozunguka nyuma na kuugusa ukuta, nilikumbuka maelezo niliyoyasoma: chini ya lipu ile nyeupe kuna matofali ya udongo yaliyokaushwa juani. Hata mzaha wa Prada umejengwa kwa udongo. Mbele kidogo, kati ya Valentine na Marfa, lilikuwa linaelea puto kubwa jeupe la rada, lililofungwa kwa kamba ndefu, ambalo serikali ya Marekani hulitumia kuangalia mpaka wake na Mexico. Nilianza kuhisi kwamba nchi hii tupu ina macho mengi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, jua vimeundwa, na utupu wa Marfa nao uliundwa. Mji ulianza mwaka 1883 kama kituo cha maji cha reli. Injini za mvuke zilikuwa na kiu isiyokwisha, kwa hiyo wajenzi wa reli walilazimika kuweka matangi kila baada ya mwendo fulani, iwe penye watu au pasipo na watu. Jina lenyewe lilitolewa, kama inavyosimuliwa, na mke wa bosi mmoja wa reli aliyekuwa akisoma riwaya, na wenyeji hadi leo hawajakubaliana ni riwaya ipi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Nairobi ilikuwa bohari ya reli kabla ya kuwa mji, na ukiisafiri reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma utapita vituo vingi ambavyo vingebaki vichaka kama treni isingehitaji maji, kuni na mahali pa kupishana. Tofauti ni kwamba pale Manyoni treni bado inasimama na watu wanapanda. Marfa treni ya abiria hupita mara tatu kwa wiki kila upande, ikipiga honi katikati ya mji uliozaliwa kwa ajili yake, bila kusimama; kituo cha karibu kiko Alpine, kilomita 42 mashariki. Huko huko Alpine ndiko iliko hospitali.

Baada ya reli kulikuja jeshi. Mapinduzi ya Mexico yalipopamba moto, mwaka 1911, askari wa farasi waliletwa kulinda mpaka, na kambi yao ikakua hadi kuitwa Ngome ya D. A. Russell. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani walifunzwa kwenye uwanja wa ndege nje ya mji na wafungwa wa kivita wa Kijerumani walihifadhiwa ndani ya ngome. Mwaka 1946 ngome ikafungwa. Muongo wa 1950 ukaleta ukame mrefu uliowafilisi wafugaji wengi wa Texas. Mji uliokuwa na watu zaidi ya 3,500 mwaka 1950 ukaanza kunyauka, maduka yakafungwa, nyumba zikaachwa. Kwa hiyo aliyeukuta mtupu baadaye aliukuta baada ya kumwagwa, kama mtungi, na mtungi uliomwagwa haufanani na mtungi ambao haujawahi kujazwa.

Aliyeukuta hivyo ni Donald Judd, msanii wa New York aliyechoshwa na majumba ya maonyesho ambamo kazi huwekwa mwezi mmoja na kung'olewa. Alianza kufika Marfa mwaka 1971, miaka miwili baadaye akaanza kununua majengo, na alipofariki mwaka 1994 alikuwa na majengo mengi katikati ya mji. Majengo ya ngome ya zamani yalinunuliwa kwa msaada wa mfuko wa sanaa uliotegemea utajiri wa familia ya wafanyabiashara wa mafuta, na baada ya Judd kugombana na wafadhili hao, yakawa Chinati, taasisi ya makumbusho ya sanaa iliyofungua milango mwaka 1986.

Niliingia huko Jumatano asubuhi, kwa sababu Jumatatu na Jumanne kulikuwa kumefungwa, kama ilivyokuwa kwa karibu kila mahali pa kula mjini. Katika mabanda mawili yaliyokuwa ya mizinga, Judd alibomoa milango ya gereji, akaweka madirisha makubwa pande zote mbili, akaongeza paa la bati lililopinda kama pipa lililopasuliwa kati, kisha akapanga masanduku 100 ya alumini. Kwa nje yote yana kipimo kimoja, urefu wa karibu mita 1.8. Kwa ndani hakuna mawili yanayofanana: hili lina ukuta wa mshazari, lile halina upande, jingine limegawanywa kwa safu mbili nyembamba. Nilikuwa nimejiandaa kutofurahia. Lakini jua lilipopanda, sanduku lililokuwa mbele yangu likageuka kutoka rangi ya bati kuwa rangi ya majani ya nje, na lililofuata likaonekana kana kwamba limejaa maji hadi ukingoni, nikajikuta nimeinama kuchungulia kama mtoto kisimani. Ni kazi nzuri, na sitaificha kauli hiyo ili hoja yangu ipate nguvu. Juu ya ukuta wa banda hilohilo yamebaki maandishi ya Kijerumani ya enzi ya wafungwa, yanayosema kwamba kukitumia kichwa ni bora kuliko kukipoteza. Judd aliyaacha. Kundi letu lilisimama mbele ya maandishi hayo muda mrefu kuliko mbele ya masanduku kadhaa.

Sasa nije kwenye udongo.

Nyumba nyingi za zamani za Marfa zimejengwa kwa matofali mabichi: udongo wenye mfinyanzi na mchanga, majani makavu yaliyokatwakatwa, maji, vikakanyagwa, vikatiwa kwenye kalibu ya mbao, vikaanikwa juani wiki kadhaa na kugeuzwa mara kwa mara visipasuke. Paa ni bapa, lenye ukingo mdogo. Ni ujuzi ulioshuka kutoka upande wa Mexico, ambao uko mwendo wa saa moja tu kusini, na kwa vizazi vingi walioufanya ni mafundi wenye asili ya huko. Mchana ukuta hunyonya joto usilipeleke ndani, na usiku hulirudisha polepole wakati jangwa likipoa. Bibi yangu upande wa mama alikuwa na tembe huko Ugogoni, yenye paa bapa la udongo vilevile, ingawa ukuta wake ulikuwa wa miti iliyokandikwa na si wa matofali, na ubaridi niliousikia mgongoni nilipoegemea ukuta wa kibaraza cha nyumba niliyopanga ulikuwa ubaridi uleule. Nilimkumbuka akipanda juu ya paa baada ya kila mvua kubwa kuziba nyufa kwa tope na samadi, akituzuia wajukuu tusimfuate.

Kwa muda mrefu Marfa, kama kwetu, nyumba ya udongo ilikuwa alama ya kukosa. Mwenye uwezo alijenga kwa mbao au matofali ya kuchoma, na asiye na uwezo alikanyaga tope. Judd aliipenda kazi hiyo ya udongo, akazungushia makazi yake ukuta wa matofali hayo unaokaribia mita tatu kwenda juu, na waliomfuata wakaipenda kwa sababu yeye aliipenda. Wakili wa Houston na mtengeneza filamu wa California wakaanza kuulizia "nyumba ya udongo, ya asili". Kwenye dirisha la dalali mmoja nilisoma tangazo la nyumba ya vyumba viwili yenye ukuta uliomomonyoka pembeni, na bei yake ilikuwa katika mamia ya maelfu ya dola.

Hapo ndipo kodi inapoingia. Texas haitozi kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule na serikali za mitaa hutegemea sana kodi ya majengo, ambayo hukadiriwa kwa thamani ya nyumba sokoni. Wathamini wa wilaya walipoona kwamba nyumba za udongo zinauzwa kwa bei kubwa kuliko nyingine, waliziweka katika daraja lake peke yake, na mwishoni mwa muongo wa 2010 wakazi wa Marfa walianza kupokea barua zenye makadirio yaliyopanda ghafla. Barua hiyo haimuulizi mzee kama anataka kuuza. Babu aliyerithi nyumba ambayo baba yake aliifyatulia matofali kwa miguu yake mwenyewe nyumba yake inakadiriwa kana kwamba yeye ndiye mgeni wa Houston aliyeinunua jana, na njia moja ya kukwepa ni kuiuza kwa huyo mgeni. Kwetu Tanzania sheria ya kodi ya majengo inaisamehe nyumba ya udongo, kwa kuwa mtunga sheria akiuona udongo anaona umaskini. Marfa mthamini akiuona udongo uleule anaona utajiri. Wote wawili wanatazama ukuta na kukisia mfuko wa aliye ndani, na Marfa wanakosea pale ambapo kukosea kunaumiza zaidi.

Kuna watakaonijibu kwamba bila sanaa mji ungekufa. Jibu hilo lina uzito. Valentine jirani haikupata Judd, na imebaki nyumba chache na ofisi ya posta inayokumbukwa kila mwezi Februari na wanaotaka mhuri wa jina hilo kwenye barua za mapenzi. Marfa ina gazeti lake na ina redio yake, vitu ambavyo miji mikubwa mara kumi ya Marekani imevipoteza. Ina ajira za hoteli, makumbusho na ujenzi. Nayakubali yote hayo. Hata hivyo sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 1,981 na ile ya 2020 ikahesabu 1,788, na hiyo ndiyo miaka ambayo umaarufu wa Marfa ulikuwa ukipaa na picha za duka lile lisilofunguka zikizunguka dunia nzima. Mji ulipata wageni ukapoteza watu. Jioni ya Jumatatu nilitembea mitaa minne kuanzia jengo la mahakama, lile la mwaka 1886 lenye sanamu ya Haki kileleni isiyo na mizani (wanasema mchunga ng'ombe mmoja aliyekasirika aliipiga risasi), na katika nyumba za udongo zilizokarabatiwa vizuri niliona taa za bustani zinazojiwasha zenyewe, na ndani giza. Ukimya unaosifiwa ndio huo, kwa sehemu. Ni ukimya wa nyumba ambazo wenyewe hawapo.

Kati ya majengo yote ya udongo ya Marfa, moja ningependa kila mwalimu wa Afrika Mashariki alione. Ni shule ya Blackwell, iliyojengwa mwaka 1909 kwa ajili ya watoto wenye asili ya Mexico, ambao walitengwa huko mpaka ilipofungwa mwaka 1965, ingawa hakuna sheria ya Texas iliyoagiza watengwe. Mtoto aliyesikika akisema Kihispania alichapwa. Mwaka 1954 walimu waliwakusanya wanafunzi, wakawagawia vipande vya karatasi, wakawaambia waandike maneno ya Kihispania, karatasi zikawekwa kwenye sanduku, na sanduku likazikwa ardhini karibu na mlingoti wa bendera. Waliuita msiba wa "Bwana Kihispania". Nilipofika palikuwa pamefungwa, nikachungulia dirishani, nikaona madawati. Nilisoma shule ambayo aliyesema Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili alivishwa kibao shingoni na kukaa nacho mpaka amkamate mwenzake, kwa hiyo sikuhitaji mwongoza watalii. Sisi hatukuzika sanduku. Tulizunguka na jeneza shingoni. Mwaka 2022 Rais Biden alitia saini sheria ya kuifanya shule hiyo eneo la kihistoria la taifa, baada ya waliosoma hapo kupigania kwa miaka mingi isibomolewe, nami naona ajabu kwamba wageni wengi niliozungumza nao hotelini walikuwa wameliona duka la Prada na hawakuwa wamesikia habari za shule, ambayo iko umbali wa kutembea kwa miguu.

Kuhusu taa za Marfa, zile nuru zinazodaiwa kucheza usiku kwenye uwanda mashariki ya mji, sina mengi. Nilikwenda na blanketi, nikaziona, na nikazipenda. Wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu kimoja cha Dallas walizipima mwaka 2004 wakakuta ni taa za magari ya barabara namba 67. Mama mmoja aliyekaa karibu nami hakutaka kabisa kusikia habari hiyo, na kwa kuwa mimi natoka Pwani kwa upande wa baba, ambako majini wana anwani zinazojulikana, sikumbishia.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kuondoka, nilimkuta fundi akikandika ukuta mtaa wa nyuma ya nyumba niliyolala. Alikuwa mtu wa makamo, amevaa kofia ya majani, anachota tope kwenye toroli kwa mkono na kulibamiza ukutani, kisha analilainisha kwa kiganja. Mgeni ni kuku mweupe, na katika mji wa watu wasiofika elfu mbili ndiyo kabisa, kwa hiyo yeye ndiye aliyeanza kuniuliza natoka wapi na kwa nini naukodolea macho ukuta. Nilimweleza habari za tembe. Akataka kujua bibi alichanganya nini. Nilipotaja samadi ya ng'ombe alitikisa kichwa kwa heshima, akasema baba yake alitumia ya farasi, kwa kuwa nyuzi zake ni ndefu, na hapo tukabishana kidogo, kila mmoja akiutetea mnyama wa kwao. Kisha akanivuta hadi kona ya nyumba, akachomeka bisibisi kwenye lipu ya zamani ya saruji, na kipande kikubwa kama sinia kikaanguka. Nyuma yake tofali lilikuwa limegeuka unga. Alisema familia iliyokuwa ikiishi hapo iliokota fedha miaka ya nyuma ikapiga saruji ili nyumba ionekane ya kisasa, na saruji ikafungia unyevu ndani, ukuta ukaoza bila mtu kujua. Mwenye nyumba wa sasa, ambaye huja mara mbili kwa mwaka, ameagiza saruji yote itolewe na udongo urudishwe, na kuna wageni watakaofika kesho yake jioni.

Nilimuuliza kama naye anaishi kwenye nyumba ya udongo. Alicheka, akaelekeza kidole upande wa reli, akaniambia nimsogezee ndoo ya maji.